MKEKA WA DARASA LA WATOTO WETU: TUUCHAGUE KWA AKILI

Ndugu wanachama,

Wengi mmetuuliza katika mikutano ya matawi, kutoka Kasese mpaka Bwera, kwa nini halmashauri ilikaa vikao vitatu ikizungumza juu ya mkeka wa watoto. Wengine walicheka. Walisema chama kimeacha mambo ya mishahara na sasa kinazungumza juu ya vitu vya kukalia. Tunawajibu kwa makala hii, kwa sababu fedha za mkeka ule zilitoka mfukoni mwenu, na kwa sababu mara ya kwanza tulikosea. Afadhali kosa letu liwafundishe matawi mengine kuliko kila tawi lijifunze kwa hasara yake.

KOSA LETU LA KWANZA

Darasa ni la watoto wa miaka 3 mpaka 6, watoto wa wachumaji kahawa, wa vibarua wa kinu cha pamba na wa akina mama wanaobeba mizigo karibu na mpaka wa Mpondwe. Chumba kina sakafu ya saruji. Asubuhi upepo wa baridi hushuka kutoka milima ya Rwenzori, na sakafu ile ni kama jiwe la mtoni. Madawati hayapo, na kwa watoto wa umri ule si lazima yawepo. Mtoto mdogo hujifunza akiwa amekaa chini na wenzake, akiimba, akipiga makofi, akihesabu vidole.

Mwalimu alituomba kitu cha kukalia chenye picha za muziki, kwa kuwa nusu ya masomo yake ni nyimbo. Tukachanga. Tukanunua dukani zulia nene lenye manyoya, lililochorwa kinanda cha Kizungu na alama za noti. Lilikuwa zuri sana kwa macho. Siku ya kulitandika tulipiga picha.

Kisha mvua za Machi zikaja. Watoto 30 waliingia na miguu ya matope. Wadogo walikojoa, kama watoto wanavyofanya. Zulia lilikunywa maji yote, na lilikuwa zito hata watu wanne walilitoa nje kwa shida. Jua lilikosekana siku nyingi. Kabla mvua hazijaisha lilikuwa linanuka, upande wa chini umeota ukungu, na watoto wawili wenye pumu walikuwa wakikohoa kila asubuhi. Tukalitupa. Fedha za wanachama zikaenda na zulia.

Lawama haikuwa ya mwenye duka. Yeye aliuza alichokuwa nacho. Sisi tulinunua kwa macho, hatukuuliza kitu kile kimetengenezwa kwa nyumba ya namna gani. Zulia la manyoya limetengenezwa kwa nyumba yenye umeme na mashine ya kufyonza vumbi. Darasa letu lina fagio na ndoo.

MAGUNIA: HATARI AMBAYO TUNAICHUKUA KAZINI

Baada ya hasara ile, mwenzetu mmoja alitoa shauri katika kikao: tukusanye mifuko mitupu, tuishone pamoja, watoto wakae. Shauri lilitolewa kwa moyo mwema na halina gharama. Lakini tulilikataa, na tunataka kila mzazi ajue sababu, maana katika nyumba nyingi za wafanyakazi mifuko hiyo imetandikwa sakafuni mpaka leo.

Mfuko wa saruji, hata ukikung'utwa, hubaki na unga. Ninyi mnaofanya kazi upande wa Hima mnajua unga ule unavyofanya mikononi. Saruji ikikutana na maji au jasho huwa kali kama magadi makali, hukausha ngozi, huipasua na kuichoma. Mikono yetu imekuwa sugu kwa miaka ya kazi. Magoti ya mtoto wa miaka 3 bado. Tumemwona mtoto wa mwanachama mwenzetu akiwa na vidonda magotini na viganjani, na nyumbani kwake alikuwa akitambaa juu ya mkeka wa mifuko ya saruji.

Mfuko wa mbolea na mfuko uliobeba dawa ya kunyunyizia pamba au kahawa ni hatari zaidi. Dawa za wadudu huingia katika nyuzi za mfuko, na kufua mara moja au mbili hakuziondoi zote. Mtoto mdogo ana tabia tatu: hukaa karibu na sakafu, hutia vidole mdomoni, na mwili wake ni mdogo. Kiasi cha sumu kisichomdhuru mtu mzima kinaweza kumdhuru yeye. Mfuko wa dawa usiingie nyumbani kabisa, wala kwa kukalia, wala kwa kuwekea mahindi.

Jambo hili lina ndugu yake. Nguo za kazi hubeba vumbi lile lile. Mzazi anayekuja kumchukua mtoto jioni akiwa na ovaroli ya kiwandani, akakaa juu ya mkeka, ameacha pale alichotoka nacho kazini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri aweke mahali pa wafanyakazi kunawia. Basi tuitumie sheria hiyo. Tunawe kazini, tubadili nguo, ndipo twende kwa watoto. Mahali ambapo hakuna bomba wala sabuni, mwakilishi wa tawi aliandike jambo hilo na kulipeleka kwa tajiri kwa barua.

VITU VINAVYOPATIKANA KWETU

Tulizunguka masokoni Kasese na Bwera tukiangalia vitu vyote vinavyoweza kutandikwa. Haya ndiyo tuliyoyaona.

1. Mkeka wa mafunjo. Mafunjo huota kwa wingi katika mabwawa ya Ziwa George, kwa hiyo mkeka huu ni rahisi kununua. Hauna ubaridi na mtoto hukaa vizuri. Lakini ukikunjwa huvunjika, ukilowa huoza upesi, na katikati ya mabua wadudu hupata nyumba. Unafaa kwa miezi michache, au utandikwe chini ya mkeka mwingine kuzuia baridi.

2. Mkeka wa plastiki wa kiwandani. Ni mwepesi, hufuliwa kwa maji na sabuni na hukauka mara moja. Ubaya wake ni mitatu. Huteleza juu ya saruji laini, pembe zake hujikunja na watoto hujikwaa, na huwaka moto upesi na kutoa moshi mbaya. Usitandikwe karibu na jiko wala taa ya mafuta.

3. Vipande vya sponji vya rangi vinavyounganishwa. Ni laini, lakini watoto huving'ata na kuvimega. Mwaka 2010 serikali ya Ubelgiji iliviondoa sokoni vipande vya namna hii kwa sababu ya kemikali iitwayo fomamidi iliyokuwa ndani yake. Si vyote ni vibaya, lakini sisi sokoni hatuna chombo cha kupimia. Kipande kinachonuka vikali kama rangi mpya, kiacheni.

4. Turubai. Halipitishi maji, lakini halizuii baridi na mtoto hutokwa jasho juu yake. Linafaa kutandikwa chini kabisa pale ambapo sakafu ni ya udongo wenye unyevu.

5. Mkeka wa ukindu. Huu husukwa kwa majani ya mkindu. Kwanza husukwa ukili mrefu kama mkanda, kisha kanda hizo hushonwa ubavu kwa ubavu. Bei yake iko juu kuliko mafunjo, lakini ukitunzwa hudumu miaka. Hupanguswa kwa kitambaa chenye maji, hukauka kwa upepo, na ukikatika mahali pamoja fundi huutengeneza kwa kushona ukili mpya.

Tulichagua huu wa tano. Tena tuliona kwamba ukili wenyewe unatupa ile picha ya muziki tuliyoitafuta.

MUZIKI WETU JUU YA MKEKA

Zulia la kwanza lilikuwa na kinanda cha Kizungu. Mtoto wa Bwera hajakiona kinanda kile, hajui kidude cheusi na cheupe vina maana gani. Kwake ilikuwa ni mistari tu. Lakini endara anaijua. Ameisikia katika sherehe, ameona babu zake wakiizunguka.

Kwa wale wanachama waliotoka sehemu nyingine, endara ni ala ya Wakonzo. Ni vibao vya mbao vilivyolazwa juu ya magogo ya migomba, na watu kadhaa huvipiga pamoja kwa vijiti. Waganda nao wana ya kwao, amadinda, yenye vibao 12. Kibao kirefu hutoa sauti nzito, kibao kifupi hutoa sauti nyembamba. Fundi akitaka kuishusha sauti ya kibao hukichonga kidogo katikati. Hii ni elimu kubwa, na mtoto anaweza kuianza akiwa na miaka 4.

Basi tukawaomba akina mama wasusi wautie mkeka rangi uwe kama endara iliyolala sakafuni. Mkeka ni mita 4 kwa mita 3. Katika zile mita 4 tulipata vibao 8, kila kimoja upana wa sentimita 50. Cha kwanza kina urefu wa sentimita 270, na kila kinachofuata kimepungua sentimita 20, mpaka cha mwisho chenye 130. Endara ya kweli ina vibao vingi zaidi, lakini vinane vinatosha kwa watoto kuhesabu. Sehemu iliyobaki iliachwa na rangi ya ukindu wenyewe.

Mwalimu anautumia hivi. Mtoto akisimama juu ya kibao kirefu huimba kwa sauti nzito. Akiruka mpaka kile kifupi huimba kwa sauti nyembamba. Mwalimu akionyesha kibao kwa fimbo, wote huimba sauti yake. Kwa mchezo huo mtoto hujifunza refu na fupi, kushoto na kulia, moja mpaka nane, na rangi. Huhesabu kwa Kikonzo, kisha kwa Kiswahili. Hilo la Kiswahili si dogo kwetu, maana tangu mwaka 2005 Katiba ya Uganda inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na ng'ambo ya mto Lubiriha, upande wa Kongo, ndicho wanachokisema sokoni.

Upo na mchezo mwingine, wa eluma. Eluma ni filimbi za Wakonzo ambazo kila moja hutoa sauti moja tu. Mpigaji hungoja zamu yake, hupuliza sauti yake, hunyamaza, na wimbo hupatikana kwa wote pamoja. Mmoja akikosekana wimbo una tundu. Mwalimu humpa kila mtoto sauti moja na mahali pake juu ya mkeka. Ndugu wanachama, hatuna haja ya kueleza zaidi. Chama cha wafanyakazi ni eluma.

KUPIMA KABLA YA KUNUNUA

Tawi likitaka mkeka, lipime chumba kwanza kwa kamba au kwa futi ya fundi. Mtoto mmoja mdogo akikaa na kukunja miguu anahitaji karibu sentimita 50 kwa sentimita 50. Hiyo ni robo ya mita ya mraba. Watoto 30 wanahitaji mita za mraba 7 na nusu za kukalia peke yake. Ongeza nafasi ya kupita na ya mwalimu kuweka ngoma. Kwa hiyo mita 4 kwa 3, yaani mita za mraba 12, zinatosha.

Watoto wakikaa kufuata kingo tatu, upande mmoja wa mita 4 ukiachwa wazi kwa mwalimu, kingo ni mita 10. Kwa hesabu ni watoto 20, lakini pembeni hubanana, sema 18. Wale 12 waliobaki hukaa katikati safu mbili za sita sita. Kila mtoto anamwona mwalimu, na mwalimu anawaona wote.

Ukishika mkeka sokoni, fanya haya:

Kwanza, uinue uelekee jua. Mwanga ukipita kwa matundu mengi, umesukwa kwa kulegea.

Pili, ukunje pembe moja. Ukisikia mlio wa kuvunjika, majani yamekauka kupita kiasi au ni ya zamani.

Tatu, loweka kitambaa cheupe, usugue juu ya rangi. Rangi nyingi ikihamia kwenye kitambaa, itahamia kwenye nguo na midomo ya watoto.

Nne, ukung'ute. Ukitoka unga mwembamba, wadudu wameshaanza kula.

Tano, angalia kingo. Ziwe zimeshonwa kwa kitambaa imara. Mkeka huanza kufa kwenye ukingo.

Ukifika nyumbani, shona vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli chini ya pembe nne. Mkeka hautateleza tena.

BEI, NA JASHO LA WASUSI

Katika kuhesabu bei, tusiangalie tu fedha ya kutoa leo. Tuigawe kwa miezi ya matumizi. Kwa mfano, mkeka wa shilingi 60,000 ukidumu mwaka 1, kila mwezi umekula shilingi 5,000. Mkeka wa shilingi 150,000 ukidumu miaka 4, yaani miezi 48, kila mwezi umekula shilingi 3,125. Wa bei ya juu ndio wa gharama ndogo. Hizi si bei za soko, ni mfano wa hesabu.

Hapa ndipo palipotokea ubishi mkali kuliko wote. Baadhi yetu tulitaka wasusi wapunguze bei. Mmoja wetu alisema wale ni akina mama tu, wanasuka wakati wa kupumzika. Ndipo mweka hazina wetu, ambaye mama yake aliwasomesha kwa mikeka, akasimama akauliza swali moja: kazi hii ni ya siku ngapi? Tukaenda kuwauliza wenyewe. Wakahesabu kukata majani, kuyaanika, kuyachana, kuyatia rangi, kusuka ukili na kushona. Tukaigawa bei waliyoitaja kwa siku zile. Ilikuwa chini ya ujira wa kibarua anayechuma kahawa, ule ujira ambao sisi wenyewe tunaupigia kelele kila mwaka.

Tuliona haya. Mtu anayekwenda kwa tajiri kudai ujira wa haki hawezi kurudi kijijini na kumnyonya msusi. Halmashauri ilikubali bei yao, ikaongeza kidogo, ikalipa nusu mwanzoni ili wapate kununua rangi. Wao nao waliahidi kuutengeneza bure mwaka wa kwanza, na wametimiza.

KUUTUNZA

Mkeka uliotunzwa vibaya ni hasara hata kama ulichaguliwa vizuri. Kwetu tumeweka sheria hizi, na wazazi wanashika zamu:

Viatu huachwa mlangoni, na miguu hunawishwa. Mahali penye sakafu ya udongo jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu funza hupenda vumbi. Sakafu inyunyiziwe maji, ifagiliwe, ndipo mkeka utandikwe.

Mtoto akikojoa, mahali pale panguswe mara moja kwa maji na sabuni kidogo. Usiulowanishe mkeka wote.

Kila Ijumaa utolewe, ukung'utwe, uanikwe juani pande zote mbili. Jua kali hufukuza unyevu na viroboto.

Jioni uviringishwe, usikunjwe, uninginizwe kwa kamba mbili juu ya ukuta, mbali na mchwa na panya. Wenzetu wa Kasese na Kilembe wana sababu nyingine ya kuuinua. Mto Nyamwamba ulifurika mwaka 2013 na tena mwaka 2020, ukaingia majumbani na kubomoa mengi. Kitu kilichoachwa sakafuni ndicho cha kwanza kuondoka.

MWISHO

Ndugu wanachama, matawi yenye darasa la watoto yaliweke jambo hili katika ajenda. Pale ambapo tajiri anajadiliana nasi mkataba wa pamoja, mahali pa watoto na vifaa vyake viingizwe katika madai ya ustawi wa wafanyakazi. Mama anayejua kwamba mtoto wake amekaa mahali pakavu na safi hufanya kazi bila moyo kugawanyika, na hilo ni faida hata kwa tajiri.

Kabla ya kufika huko, kila mmoja wetu aangalie leo nyumbani kwake kilichotandikwa chini ya mtoto. Kama ni mfuko wa saruji au wa dawa, uondoe usiku huu huu, usingoje mkutano.

Darasani Bwera sasa kuna vibao vinane sakafuni. Mvua mbili zimepita juu yake na bado watoto wanaimba. Tawi linalotaka kuja kuuona na kuupima, lije. Mlango uko wazi, ila viatu vyenu mtaviacha nje.

Umoja ni nguvu.

Halmashauri ya Tawi